Kidonge Kwenye Mifupa

Kazi yangu ni kusoma matumbo ya ng'ombe. Ndivyo wanavyosema watu wa kijiji chetu, Motlhabeng, nami sina nguvu ya kuwasahihisha. Kila ng'ombe wa kwetu amemezeshwa kidonge cheupe cha kigae, kirefu kama kidole cha kati, na ndani yake imefichwa namba. Hakisagiki wala hakitoki. Kinakaa tumboni mpaka siku ya kisu. Ukisogeza mashine ya kusomea ubavuni mwa ng'ombe, mashine inalia, namba inatokea, na ukiiandika namba hiyo kwenye kompyuta ya ofisi yetu ya mifugo unaletewa jina la mwenye mali. Wazee wana mzaha wao: "Ng'ombe wangu anatembea na kitambulisho tumboni, mimi changu nimekipoteza tangu uchaguzi ule."

Mwaka ninaousimulia sikusoma tumbo hata moja. Mume wangu, Seabelo, alikufa mwezi wa sita, na kwetu mjane haingii zizini. Ana giza la kifo mwilini. Akipita katikati ya ng'ombe, wenye mimba watazitupa, na marufuku hiyo ni ya mwaka mzima. Basi mimi mwenye cheti cha mifugo nikapewa kiti na kompyuta, wenzangu wakawa wanakwenda mazizini na mashine, kisha wananiletea namba.

"Si mimi, Kelebonye," mkuu wangu Rra Phuthego aliniambia, huku akitazama viatu vyake. "Ni wafugaji. Wakikuona langoni, mimi ndiye watakayemtumbukiza kwenye josho."

Nikamwambia sawa. Siku hizo kila kitu nilikiitikia sawa. Tulipokwenda mjini Palapye kununua gauni jeusi la eda, muuzaji alisahau kukitoa kile kidude cha kuzuia wizi, na nilipofika mlangoni duka zima likapiga kelele. Mlinzi akanipekua mbele za watu. Wifi yangu alilia kwa hasira. Mimi nilinyoosha mikono nikasubiri amalize. Watu walinisifu kwa uvumilivu, lakini uvumilivu ni wa mtu anayeumia, na mimi sikuwa nikisikia kitu. Sikulia makaburini wala sikulia kwenye godoro la msiba. Nilikaa, nikala nilicholetewa, nikalala.

Seabelo aliuawa na ng'ombe. Wakati wa kipupwe, jua likishazama, ng'ombe hupenda kulala barabarani kwa sababu lami inakuwa bado na joto. Alikuwa akirudi na gari lake bovu lenye taa moja, akamgonga mmoja, gari likabiringika. Polisi walipofika, wote wawili walikuwa wameshakufa, na mtu alikuwa ameshapita pale na kisu. Ng'ombe alikuwa hana masikio, ambayo hukatwa alama ya mwenyewe, na ngozi ya paja, pale panapochomwa chapa, ilikuwa imechunwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mwenye ng'ombe alikuwa amejificha.

Ng'ombe akigongwa siku nyingine, asubuhi hukuti hata kwato. Nyama ya huyu haikuguswa na mtu. Nani atakula nyama iliyoua? Polisi, ambao hawana mashine ya kusomea, walimburuta hadi vichakani, wakawaachia tai na mbweha.

Mama mkwe wangu, Mma Oagile, alikuwa na neno moja tu tangu mazishi. "Huyo mwenye ng'ombe aje. Simtaki kwa lolote. Aje akae chini mbele yangu, nimwone uso." Hakuja mtu. Na mtu asipokuja, watu humtafutia jina. Mwanawe mkubwa, Oagile, aliyefanya kazi migodini miaka ishirini na bado anazungumza kama yuko chini ya ardhi na mashine zinanguruma, alimtafutia la mzee Gasebalwe, jirani wa kambi yetu ya ng'ombe. Ushahidi wake ulikuwa kwamba Gasebalwe alilia sana mazishini. "Kikulacho ki nguoni mwako," Oagile aliambia kila mtu dukani. Watu wakaacha kumsalimu mzee yule. Kufikia mwezi wa nane chifu akawa amemwita barazani, siku ya Alhamisi.

Jumanne yake, Oagile akaja ofisini. Hakubisha hodi. Alivuta kiti, akaweka leso mezani kwangu, akaifungua. Ndani mlikuwa na kidonge.

"Shemeji, kilikuwa katikati ya mbavu," akasema. "Mbweha wametafuna kila kitu, hiki kimewashinda. Nimekitafuta siku tatu kwa magoti. Haya, kisome."

"Unataka nikisome sasa hivi?"

"Unataka tukipikie chai kwanza? Mimi jina nalijua. Nataka karatasi yenye muhuri, Alhamisi nimpige nayo Gasebalwe usoni."

Nikachukua mashine kutoka kwenye droo. Kidonge hakina betri wala uhai, kinalala tu mpaka mashine ikisogezwa karibu, ndipo kinapojibu. Mashine ikalia. Namba ikatokea. Nikaiandika kwenye kompyuta, na mtandao ukaanza kusuasua, Oagile akigonga vidole mezani.

Jina likaja. Kelebonye Sennanyana. Jike, mwekundu, tumbo jeupe. Kambi ya Modiri.

Nililisoma kama ninavyosoma majina ya watu wengine. Nikaona huyu mtu ana jina kama langu. Kisha nikaona ni jina langu la kwetu, la kabla ya kuolewa, na Modiri ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Miaka tisa nilikuwa nikifungua rejista ile kila siku, na sikuwahi hata mara moja kuandika jina langu. Nani hujitafuta mwenyewe?

"Vipi?" Oagile akainuka kuchungulia. Nikaizima kompyuta.

"Mtandao umekatika."

"Mtandao wa serikali na punda mzee ni ndugu," akasema kwa kuchukia. "Basi kaa nacho. Kesho jioni uje na jibu kwa mama."

Akaondoka. Nikakaa nikikitazama kidonge. Niwaeleze mambo yalivyokuwa. Mimi na Seabelo hatukujaliwa mtoto. Nyumba yetu iko ndani ya ua wa wakwe zangu, na mwanamke asiye na mtoto, mume akifa, anakaa pale kwa neno la mama mkwe tu. Mjane yeyote hutazamwa kwa jicho la pembeni, hata mume akifa kwa radi. Huyu mjane wao, ng'ombe aliyemuua mumewe ni wake mwenyewe. Nikilitaja jina langu, nimekwisha. Nikinyamaza, Gasebalwe ndiye atakayekwisha. Yote mawili niliyaona wazi kabisa, na hakuna hata moja lililonigusa.

Nilipokuwa na miaka saba, baba yangu alinipa mtamba mwekundu mwenye tumbo jeupe. Baba alipofariki, ng'ombe wangu walibaki kwa mjomba Modiri, na nilipoolewa walikuwa wameshafika watano. Mwaka mmoja baada ya harusi mjomba alinijia na uso wa matanga. Ukame umewamaliza, akasema, hakubaki hata mmoja. Nilimpa pole mimi, mwenye ng'ombe.

Jumatano asubuhi Rra Phuthego alinipa lifti kwenye gari la ofisi hadi kambini kwa mjomba. Mjomba aliniona kwa mbali, akaja mbio na fimbo, koti hana na baridi ile.

"Simama hapo hapo, mpwa wangu!" akapiga kelele. "Nakupenda, lakini nina ng'ombe sita wenye mimba!"

Nikasimama nje ya ua wa miba. Yeye akasimama ndani. Nikafungua leso juu ya kiganja changu.

Alikitazama kidonge, akatoa ugoro, akavuta, akapiga chafya. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukingoni.

"Nilitaka kupasua tumbo," akasema mwishowe. "Nikitoe. Nikaona taa za gari la watu likija."

"Uliniambia walikufa wote, mjomba."

"Nilikuambia."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umeolewa." Akakuna shingo. "Na ulikuwa umeolewa na Seabelo. Mungu amrehemu, lakini mtu yule aliuza mlango wa nyumba yenu anunue gurudumu, mkalala mwezi mzima na pazia. Ng'ombe wako angewaacha? Mwanamke mali yake ikishaingia ua wa mume, unaiona tena?"

Ni kweli, aliuza mlango. Nilicheka sana siku ile, na yeye alicheka. Nilimpenda yeye na pazia lake.

"Lakini serikalini umewaandika kwa jina langu."

"Sasa ningewaandika kwa jina la nani?" Hapo mjomba akakasirika kabisa. "Mimi ni mwizi? Kila ndama wako aliyezaliwa nimempeleka, nikasema huyu ni wa Kelebonye, mmezesheni. Mpwa unaweza kumdanganya, ni damu, atasamehe. Kidonge utakidanganyaje?"

"Wako wangapi?"

"Wapo."

"Wangapi, mjomba?"

"Mwana wa dada yangu, tangu lini ng'ombe wakahesabiwa kwa mdomo? Wapo, wanakula, wanakusalimu."

Upepo wa mwezi wa nane ulikuwa ukitujaza vumbi. Nilikuwa na swali moja lililobaki, na nililiuliza kwa sauti ile ile niliyoulizia idadi ya ng'ombe.

"Ulipomkata yule ng'ombe masikio, Seabelo alikuwa hai?"

Fimbo ikamwanguka. "Kelebonye! Unanidhania nini? Nilisikia kishindo, nikakimbia, nikamkuta ameshakwisha. Nilimwita kwa jina, nilimgusa shingo. Nikamfunika kwa koti langu. Ndipo nikamulika tochi nikaona ng'ombe mwenyewe ni yupi. Nikasema, huyu mtoto hawezi kuambiwa jambo hili. Kufiwa na mume, sawa, watu wanafiwa. Kufiwa kwa sababu ya ng'ombe wako mwenyewe, ambaye hata hukujua unaye! Sikukata kwa ajili yangu. Lile koti mliloletewa na polisi ni langu. Hukulitambua?"

"Sikuwa nikiona kitu."

"Basi sikiliza. Waambie mashine imetoa jina la mtu aliyehamia mbali, aliyekufa, lolote. Ukisema jina lako watasema umemwendea mumeo kwa mganga. Watakutoa pale. Huna mtoto wa kukushikilia."

"Na Gasebalwe?"

"Gasebalwe ana ngozi ngumu."

Hakuweza kunitazama aliposema hivyo. Kisha mjomba wangu, mtu wa miaka sitini na nane, akainama akashika ua wa miba kwa mikono mitupu akalia. Nilimtazama analia. Nilimwangalia vidole vinavyotoka damu, nikafikiri kwamba vinahitaji spiriti. Nikarudi garini.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa, nilikwenda kwa mama mkwe. Alikuwa amekaa juu ya mkeka na shali lake jeusi, anachambua kunde. Oagile alikuwa juu ya kiti, magoti yametawanyika, anangoja karatasi yake. Nikakaa chini, nikanyoosha miguu kama inavyotakiwa, nikaweka kidonge kwenye mkeka.

"Nimekisoma, Mama. Ng'ombe ni wangu."

Oagile alicheka. "Wako? Una ng'ombe wewe? Tangu lini?"

"Sikujua. Baba yangu aliniachia. Mjomba Modiri aliniambia walikufa, kumbe wapo kambini kwake. Yeye ndiye aliyekata masikio ili nisijue. Jina lililoandikwa ni langu."

Nikayasema yote hivyo, kwa mpangilio, kama ripoti. Kicheko cha Oagile kikamwisha polepole. Akasimama.

"Kwa hiyo tumeketi na wewe kwenye msiba! Tumekuchinjia, tumekulisha, tumekufunika blanketi, na muuaji wa ndugu yangu ni ng'ombe wako! Hata machozi hukutoa! Mama, mlimwona akilia? Nani alimwona? Toka. Chukua gauni lako utoke ndani ya ua huu."

Nikaanza kuinuka. Kweli sikulia.

"Kaa," akasema Mma Oagile. Hakuwa ameinua macho kutoka kwenye kunde. "Huyo Modiri. Alimficha nani hao ng'ombe? Sisi?"

"Alimficha Seabelo, Mama."

"Akiogopa nini?"

Niliangalia mkeka. Kumsema vibaya maiti mbele ya mama yake ni jambo ambalo hata mimi, na ganzi yangu yote, sikulitaka. Lakini alikuwa ananisubiri.

"Akiogopa atawauza."

"Matusi!" Oagile akafoka. "Matusi juu ya kaburi! Ndugu yangu hajawahi—"

"Nyamaza, Oagile." Mama mkwe akatupa kunde mbovu mchangani. "Angewauza. Mimi ndiye niliyemzaa. Alikuja hapa na maua, siku ya kuzaliwa kwangu, kumbe cherehani yangu ameshaipakia kwenye gari." Uso wake ukawa kama anataka kutabasamu, ukashindwa. "Angewauza wote, angenunua gari lenye taa mbili, na leo angekuwa hai. Modiri aliwaficha kwa akili. Siwezi kusema alikosea, na mwanangu amekufa."

Oagile alikaa tena, kidogo kidogo, kama mtu aliyesahau kiti kiko wapi.

"Wewe Oagile, kesho kabla ya baraza utakwenda kwa Gasebalwe na kofia mkononi."

"Mama..."

"Mkononi, nimesema. Na wewe," akanigeukia mimi, "utanipeleka nikawaone."

"Akina nani, Mama?"

"Hao ng'ombe."

Oagile alikwenda kwa Gasebalwe. Nasikia mzee alimkaribisha chai na hakugusia lolote ila habari za mvua, na kwamba Oagile alitoka pale amechoka kuliko siku zote za mgodini. Chifu akafuta shauri.

Jumamosi Oagile akatuendesha hadi kambini, mimi na mama mkwe na nguo zetu nyeusi nyuma ya gari. Mama aliyezika mwanawe naye ana giza lake, kwa hiyo hata yeye hakuruhusiwa kuingia. Tukasimama nje ya ua. Mjomba Modiri alitoka kutulaki, vidole vimefungwa kitambaa, akavua kofia, akakaa chini mavumbini mbele ya Mma Oagile. Jambo ambalo mama mkwe alilidai tangu mwezi wa sita lilikuwa mbele yake. Alimtazama uso, muda mrefu.

"Inuka, Modiri," akasema. "Unanizibia."

Mjomba akainuka, akaenda kufungua lango la upande wa pili ili watoke wapite mbali nasi. Walitoka mmoja mmoja, bila haraka, wekundu wenye matumbo meupe, mama na mabinti na ndama wao. Nilikuwa nikiwatafuta watano. Walipita watano, wakapita watano wengine, na langoni bado walikuwa wanasukumana. Mjomba hakutaja idadi, nami sikuuliza. Oagile alikuwa ameshuka garini na mdomo wazi.

"Wamenona," akasema mama mkwe.

Ndipo nikasikia kitu, cha kwanza tangu siku ile, na kitu chenyewe kilikuwa furaha. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikageuka upande wa kulia nimwambie Seabelo, njoo uone, kumbe tuna ng'ombe. Nikakuta miba na vumbi, na hapo ndipo nilipojua kwamba amekufa.